Mikoba ya kuzuia damu inayouzwa Mombasa: ipi inamfaa msafiri wa Lamu na Mogadishu

Ukiingia duka la dawa hapa Mombasa ukaomba mkoba wa huduma ya kwanza wa safari, mara nyingi utapewa kisanduku cha plasta, pamba, spiriti, bandeji mbili nyembamba na mkasi usioweza kukata hata mshono wa suruali. Kwa mtoto aliyejikwaa ufuoni, kinatosha. Kwa anayepanda basi la alfajiri kwenda Lamu, au fundi na dereva aliyepata kazi Garissa, Mandera au Mogadishu, kisanduku hicho ni mzigo tu.

Tunalinganisha hapa aina tatu za mikoba: kisanduku cha kawaida cha gari, mkoba wa sura ya kijeshi unaoagizwa mtandaoni, na mkoba wa kujikusanyia mwenyewe kitu kimoja kimoja. Kipimo ni kimoja kwa yote: je, mkoba huu unaweza kuzuia damu inayochuruzika kwa kasi, mikononi mwa mtu wa kawaida anayetetemeka, ndani ya dakika tatu?

Tumechagua damu kwa sababu ya namna mashambulio ya ukanda huu yanavyojeruhi. Tarehe 2 Januari 2020 basi la abiria lilimiminiwa risasi Nyongoro, kwenye barabara ya kwenda Lamu, na watu wakauawa. Novemba 2014 abiria 28 walitolewa kwenye basi karibu na Mandera wakapigwa risasi. Mogadishu, Oktoba 14, 2017, lori la mabomu liliua zaidi ya watu 500 kwa mlipuko mmoja. Risasi na vipande vya chuma hupasua mikono na miguu, na mtu mzima ana lita tano hivi za damu. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, anaweza kufa katika dakika tatu hadi tano. Kutoka Lamu hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 300, kwa hiyo hakuna gari la wagonjwa litakalofika ndani ya dakika hizo. Wa kukuokoa ni jirani yako wa kiti, kwa kile kilichomo mkobani.

Isemwe wazi pia kwamba mabasi mengi ya Lamu hufika salama, na kwamba ajali za barabarani huua zaidi ya watu 4,000 Kenya kila mwaka. Mkoba mzuri utakufaa kwenye ajali ya bodaboda pale Mtwapa sawasawa na kwenye shambulio. Hiyo ni sababu ya kuununua hata kama hutarajii kuvuka Malindi.

Tuanze na kisanduku cha gari. Hiki ndicho kinachowekwa kwenye magari ya abiria ili kuridhisha sheria, na wengi hukifungua kwa mara ya kwanza siku ya ajali. Shida kubwa ni kile kisichokuwemo: hamna cha kukaza mguu, hamna shashi, ile wauguzi wanayoiita gozi, ya kutosha kujaza kidonda, glavu ni jozi moja ya mpira uliokauka kwa joto. Kilichomo nacho kinaweza kudhuru. Spiriti haimiminwi kwenye kidonda kirefu, inaunguza nyama. Aspirini, ambayo huwekwa humo kama dawa ya maumivu, inazuia damu isigande. Asipewe kabisa mtu anayevuja damu. Alama: 3 kwa 10, na hizo tatu ni za bandeji.

Mkoba wa pili ndio unaovutia macho. Ni mweusi au wa rangi ya jangwani, una mifuko mingi na zipu, na ndani yake kuna torniketi: ukanda mpana wenye kijiti cha kusokotea, unaofungwa juu zaidi ya jeraha, upande wa moyo, kukata mkondo wa damu. Torniketi ndiyo kitu cha thamani kuliko vyote humu. Na hapo ndipo msiba ulipo, kwa sababu nyingi zinazokuja kwenye mikoba ya bei rahisi ni bandia. Zimeigwa kutoka CAT, torniketi ya Marekani inayotumiwa na majeshi mengi, zikanakiliwa hadi maandishi, ila plastiki yake haina nguvu.

Ukiipata mkononi, ichunguze hivi. Bei kwanza. CAT halisi huuzwa kwao kwa dola 30 hivi, kabla ya usafirishaji na ushuru. Ukiuziwa mkoba mzima kwa chini ya hapo, na torniketi ndani, umeshapata jibu lako. Kisha kishike kijiti: halisi ni kinene, kina mifereji ya kushikia, na hakipindi ukikibana baina ya vidole, bandia ni chembamba na hupinda kama kijiko cha plastiki. Tazama ukanda wenyewe. Ndani ya ule wa nje kuna utepe mwembamba unaoteleza peke yake, na huo ndio unaovutwa kijiti kinapozungushwa. Kwenye bandia utepe huo mara nyingine umeshonewa au unanyumbuka, kwa hiyo ukizungusha kijiti unakunja kitambaa tu bila kubana mguu. Ile ndoana ya kushikia kijiti nayo iwe pana na ngumu. Ya bandia huachia au hupasuka. Mwisho, tafuta namba ya toleo na tarehe kwenye karatasi ya nje. Isipokuwepo, irudishe.

Halafu ifunge pajani mwako. Vuta ukanda ubane barabara kabla hujagusa kijiti, hata ncha za vidole zisipite chini yake. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaacha ukanda ukiwa legevu, wakitumaini kijiti kitamaliza kazi. Ukanda ukivutwa vizuri, mizunguko mitatu ya nusu duara hutosha. Ukihitaji zaidi, fungua uanze upya. Mapigo ya damu juu ya wayo wako yatatoweka, na itauma sana. Maumivu hayo ni dalili kwamba inafanya kazi, na majeruhi atakuomba ulegeze, usilegeze. Kwenye mazoezi, ifungue baada ya dakika moja. Torniketi iliyotumika kwa mazoezi usiipeleke safarini, kwa sababu plastiki imeshachoka. Nunua mbili halisi za mkobani na moja ya kujifunzia, uiandike kwa wino mwekundu.

Tunalaumu torniketi bandia kwa ukali kwa sababu moja: inakula dakika ya kwanza. Aliye na leso, yaani kanga, na kijiti cha mti anajua ana leso na kijiti, atakaza kwa bidii. Aliye na bandia anaamini kazi imekwisha, kijiti kinavunjika, na damu iliyotoka wakati anastaajabu hairudi.

Leso yenyewe inahitaji maelezo, maana kila basi la Pwani lina leso kumi. Usikate kipande chembamba, wala usitumie kamba, waya au mkanda wa suruali: kamba na waya hukata nyama bila kubana mshipa, na mkanda wa ngozi ni mgumu mno kusokoteka. Kunja leso kwa urefu mpaka ipate upana wa vidole vitatu hivi, sentimita tano. Izungushe mguuni mara mbili juu ya jeraha, funga fundo moja, weka kijiti juu ya fundo, funga fundo la pili juu ya kijiti, kisha zungusha mpaka damu isimame. Kijiti kiwe kigumu kweli: mpini wa mwiko unafaa, kalamu na penseli huvunjika. Mwisho funga ncha ya kijiti mguuni kwa kitambaa kingine, kwa sababu kikiachiwa kinajisokotoa nyuma. Si sawa na torniketi halisi, huchukua muda na huteleza kirahisi, ila ni bora mara kumi kuliko kushika kichwa.

Turudi kwenye mkoba wa kijeshi, kuna kasoro nyingine ambayo wauzaji hawaisemi. Rangi. Kwenye vizuizi vya barabara ya Lamu askari hukagua vitambulisho na mizigo, na kwa raia kubeba kitu chenye madoadoa ya jeshi Kenya ni kujitafutia maswali marefu. Hilo ni dogo. Wanaovamia mabasi wana desturi ya kuwateremsha abiria na kuwabagua, na maafisa wa usalama wanaosafiri na raia ni miongoni mwa wanaosakwa. Mkoba wenye kiraka cha kijeshi kifuani mwako unaweza kukutambulisha kwa jambo ambalo si wewe. Nunua mkoba wa bluu au kijani kibichi, usio na bendera wala maandishi ya majigambo. Msalaba mwekundu nao usiupake: ni nembo inayolindwa na sheria. Msalaba mweupe kwenye kijani unaeleweka kote. Alama za mkoba huu, torniketi ikiwa bandia: 2 kwa 10. Ikiwa halisi na rangi ni ya kiraia: 6, kwa kuwa vingine vilivyomo ni vya kujaza nafasi.

Mkoba wa tatu, wa kujikusanyia, ndio tunaoupendekeza. Utavipata vitu vingi vyake Mombasa, kwenye maduka yanayouza vifaa vya hospitali. Torniketi halisi peke yake ndiyo itakayokupa kazi ya kutafuta.

Chukua torniketi mbili, kwa sababu paja nene mara nyingi halitulii kwa moja. Ya pili hufungwa juu kidogo ya ya kwanza, zikigusana. Chukua shashi, roli nne za kawaida. Fedha ikiruhusu ongeza pakiti moja ya shashi yenye dawa ya kugandisha damu, kama QuikClot au Celox. Shashi hizi ni ghali na zina tarehe ya mwisho, na zisipokandamizwa sawasawa hazina maajabu, kwa hiyo asiye na fedha asijisikie amepungukiwa. Bandeji mbili za kunyumbuka zenye upana wa sentimita 15; zile nyembamba za sentimita 5 ni za kidole. Glavu za nitraili jozi nne, kwa kuwa za mpira wa kawaida huoza kwa joto letu. Mkasi wa matabibu wenye ncha butu iliyopinda, unaokata suruali ya jinzi kutoka pindo hadi kiunoni. Blanketi ya karatasi ya fedha. Kalamu ya wino usiofutika. Filimbi. Parasetamoli badala ya aspirini.

Viraka vya kifua, vya kuziba tundu la risasi kwenye mbavu, vinahitaji tahadhari ya Pwani. Gundi yake hulainika ukiuacha mkoba juu ya dashibodi, na haishiki ngozi yenye jasho wala damu. Panguza kwa nguvu kwa kitambaa kikavu, bandika mara moja, kisha tafuta tundu la pili mgongoni, kwani risasi iliyoingia huenda imetoka. Akizidi kuhema kwa shida baada ya kubandikwa, inua ukingo wa kiraka hewa itoke, halafu ukirudishe.

Sehemu ambazo torniketi haifiki ni kinena, kwapa na shingo, na hapo shashi ndiyo kila kitu. Ingiza kidole ndani ya kidonda mpaka uguse pale damu inapobubujika, kisha shindilia shashi kidogo kidogo, kidole kimoja kikishika kilichokwisha ingia wakati cha pili kikiongeza. Roli moja yote inaweza kumezwa. Jeraha likijaa, egemea kwa uzito wa mwili wako, mikono imenyooka: dakika tatu kwa shashi yenye dawa, dakika kumi kwa ya kawaida, bila kuchungulia. Anayechungulia kila dakika anaivunja damu iliyoanza kuganda. Tumbo na kifua havijazwi shashi.

Kwa torniketi, weka sentimita tano hadi nane juu ya jeraha, upande wa moyo, kamwe si kwenye goti lenyewe wala kiwiko. Hujaona jeraha liko wapi, ipandishe juu kabisa ya paja au mkono, hata juu ya nguo. Lakini toa simu na funguo mfukoni kwanza. Simu iliyobaki chini ya ukanda huufanya ubane simu, na mshipa ukaendelea kumwaga. Vazi la buibui lina hila yake: jeusi, zito, linanywa damu nyingi bila kuonyesha chochote. Pitisha mkono wenye glavu kutoka kinenani hadi kifundoni, kila hatua utazame kiganja. Glavu nyeupe au bluu itakwambia kile ambacho buibui linakificha, ndiyo sababu hatupendi glavu nyeusi za mikoba ya kijeshi.

Upungufu wa mkoba wa kujikusanyia ni mmoja: hauji na mpangilio. Vitu vikitupwa ovyo, utachimba plasta wakati mtu anaisha. Torniketi zikae juu kabisa, zimetolewa kwenye karatasi, ukanda umekunjwa tayari kwa mkono mmoja. Kinachofuata shashi, kisha bandeji, na parasetamoli chini kabisa. Mifuko ya plastiki ya kubebea iliharamishwa Kenya tangu Agosti 2017, kwa hivyo tumia kimfuko cha zipu kisichopitisha maji. Kwenye boti kutoka Mokowe, bara, kwenda Amu, yaani mji wa Lamu kisiwani, maji ya chumvi yatakurukia, na velkro ya torniketi, ile sehemu inayonata, ikijaa chumvi na mchanga haishiki. Kwa ndege, mkasi uingie kwenye mzigo wa chini. Ndani ya basi, mkoba usiende kwenye buti wala rafu ya juu. Uwe kiunoni au chini ya miguu, mahali utakapoufikia ukiwa umelala sakafuni, maana risasi zikianza hapo ndipo utakapokuwa.

Na zikianza, mkoba haufunguliwi. Mtu akimtibu mwenzake kwenye mstari wa risasi wanakuwa majeruhi wawili. Lala chini, na majeruhi anayeweza kusikia aambiwe akandamize jeraha lake mwenyewe. Njia ya kutoroka ikifunguka, ondokeni kando ya barabara, msikimbie kuifuata barabara, na msirudi kukusanyika penye mlipuko: bomu la pili hutegewa wanaokuja kuokoa. Askari wakifika, weka kila kitu chini na unyooshe viganja vitupu. Torniketi nyeusi mkononi, kwa mbali, haisomeki kuwa ni kifaa cha tiba.

Kwa mafunzo, Msalaba Mwekundu wa Kenya na St John Ambulance hufundisha huduma ya kwanza. Kabla hujalipa, uliza swali moja: je, nitafunga torniketi na kujaza jeraha kwa mikono yangu, au nitaangalia picha? Likija jibu la pili, tafuta darasa jingine. Lenga kuifunga mguuni kwa chini ya nusu dakika, na mkononi kwa mkono mmoja tu, gizani.

Bima nayo isomwe maandishi madogo, hasa kwa waendao Somalia. Sera nyingi za safari huondoa vita na ugaidi, au hukataa kulipa pale serikali inapokuwa imeonya watu wasiende. Marekani, kwa mfano, imeiweka Somalia kwenye daraja la nne, la juu kabisa: usisafiri. Uliza kwa maandishi kama uhamisho wa majeruhi kwa ndege umo, na nani anayepiga simu ya kuuomba. AMREF Flying Doctors wana uanachama wa huduma hiyo. Nao waulizwe unafika mpaka wapi.

Alama za mkoba wa kujikusanyia: 8 kwa 10. Mbili zimepotea kwa sababu torniketi halisi ni ngumu kupatikana mjini, na kwa sababu mkoba unahitaji kukaguliwa kila miezi sita: glavu zinanata, gundi inakauka, tarehe zinapita.

Kalamu ya wino tuliyoitaja tusiione kuwa ni nyongeza. Torniketi ikishafungwa, haifunguliwi wala kulegezwa njiani. Kwa muda usiozidi saa mbili tangu ifungwe mguu huwa na nafasi nzuri, baadaye hatari ya mishipa na misuli kuharibika inapanda, na daktari ndiye anayeamua lini na vipi ifunguliwe. Hawezi kuamua bila kujua ilifungwa lini. Mtu anayevuja damu hupoa hata katika joto la Machi, na damu iliyopoa haigandi vizuri, kwa hiyo atafunikwa blanketi na leso juu yake, na torniketi haitaonekana. Andika kwenye paji la uso wake herufi T na saa, kwa mfano T 7:40 asubuhi, na ukifika hospitali mwambie muuguzi wa kwanza utakayemwona: mguu gani, saa ngapi.